Kisima Hakina Risasi

Uswidi,
Mwezi wa pili.

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama yangu, mwaitu, kwa mikono yote miwili, ingawa hii yangu imekufa ganzi kwa baridi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na lile koti zito uliloogopa sitalipata nilipewa siku ya pili tu baada ya kufika. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na mwaitu, ameacha kubeba kuni kama daktari alivyomwambia, au bado anangoja uende kanisani ndipo abebe?

Naandika kwa Kiswahili badala ya Kikamba kwa sababu nataka Bwana Wafula, afisa wa afya, asome barua hii kwa macho yake mwenyewe bila kutafsiriwa na mtu. Ukimaliza kuisoma, mpe. Akimaliza, nakuomba isomwe kanisani, yote, hata mahali ambapo mimi mwenyewe naonekana mjinga. Hasa hapo.

Telegramu yangu ilisema: FUNGA TANGI LEO. FUNGUENI KISIMA. BARUA INAKUJA. Yako ikanifikia baada ya siku mbili: NIMEFUNGA. KWA NINI. Nilisimama pale posta nikaisoma mara nyingi mpaka karani akaniuliza kama kuna msiba. Baba, ulifunga kwanza, ndipo ukauliza. Wazee wengi wa kwetu wasingefanya hivyo kwa neno la msichana aliye ng'ambo, tena msichana ambaye kabla ya Krismasi alikuwa ameandika kinyume chake kabisa. Kwa hiyo jibu la swali lako nitakupa lote, nisikufiche kitu.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililozaa mengine.

Siku niliyoondoka Migwani nilikuwa na chupa mbili za maji. Ya kwanza nilichota mwenyewe kwenye kisima kipya cha akina mama, kile ambacho dada yako, shangazi Kaluki, na wenzake wa mwethya, kikundi chao cha kazi ya pamoja, walikichimba miezi na miezi wakipasua mwamba. Nilitaka kuyapima nikifika huku. Ya pili mwaitu alinijazia kwenye tangi letu ninywe njiani, kwa sababu yeye haamini maji ya watu asiowajua. Nilikunywa nusu. Nusu nyingine nilifika nayo huku, ikakaa kwenye kabati langu nyuma ya viatu.

Kazi niliyotumwa kujifunza ni kutafuta madini yaliyo kidogo sana ndani ya maji na udongo kwa kutumia eksirei. Tunayakausha maji mpaka yale yaliyomo yabaki kwenye karatasi laini, kisha karatasi inapigwa na eksirei. Kila madini yaliyopo yanajibu kwa eksirei zake, na nguvu ya jibu la chuma si sawa na nguvu ya jibu la zinki, wala la zinki si sawa na la risasi. Kifaa kinachopokea majibu hayo kinaitwa ditekta. Kila jibu likiingia, ditekta inatoa mpigo mmoja wa stima: jibu lenye nguvu hutoa mpigo mkubwa, jibu dhaifu hutoa mpigo mdogo. Kompyuta inahesabu mipigo na kuchora vilima kwenye kioo. Ukiona kilima kimesimama mahali fulani, unajua ni madini gani.

Risasi ninayosema si ya bunduki peke yake. Ni ile iliyo ndani ya betri za gari na inayotumika kulehemu. Ikiingia kwenye maji ya kunywa inaharibu damu na akili za watoto polepole, na mzazi hatajua kitu mpaka mtoto ameshindwa na masomo na kila mtu anasema ni mvivu.

Basi, nilipima maji ya kisima nilipokuwa na wiki sita tu kwenye kazi. Nilikuwa na haraka. Kila mwanafunzi hapa alikuwa na jambo la kuonyesha isipokuwa mimi. Niliongeza nguvu ya mashine mpaka mwisho ili nimalize kabla ya chakula cha mchana, na pale panapokaa risasi nikaona kilima kidogo kimesimama. Sikushangaa hata. Nilifurahi. Nilikuonea haya kukuambia neno hilo kwa telegramu inayosomwa na karani wa posta, lakini kwenye karatasi naweza: nilifurahi kwamba nimepata kitu. Nikaandika ripoti, Daktari Ingrid, mama anayesimamia maabara yetu, akaipiga sahihi, nami nikaituma kwa Bwana Wafula na nakala kwako.

Yaliyofuata wewe ndiwe uliyeniandikia. Kwamba Bwana Wafula alikuja na chifu wakafunika kisima kwa mbao na miiba, wakatia kufuli. Kwamba akina mama walirudi kuchimba mchanga kule mtoni wakitafuta maji, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Kwamba wewe, ukiwaonea huruma, ulifungua tangi lako kwa kijiji chote, na watoto wa shule ya msingi wakawa wanajaza vibuyu vyao hapo kila siku, na pasta akakushukuru mbele ya watu. Uliandika: "Mwanangu, Mungu alijua kwa nini nilijenga tangi hili." Na mwisho wa barua, kwa maneno machache kama mtu asiyetaka kulisema, uliongeza kwamba Kaluki hakusalimii tena, na kwamba alikuwa amesema jambo moja tu mbele ya chifu.

"Huyo mtoto amepima mara ngapi?"

Baba, niliposoma swali hilo nilikuwa jikoni mwa hosteli nikipika wali. Wali uliungua. Nilikuwa nimepima mara moja.

Shangazi hakusoma zaidi ya darasa la tatu, na mimi nina digrii. Lakini alimuuliza chifu swali ambalo mimi, Daktari Ingrid na maabara nzima hatukuwa tumejiuliza.

Kesho yake nilitoa karatasi ile ile kwenye bahasha nikairudisha kwenye mashine. Kilima kilikuwepo. Nikapumua kidogo, maana mtu akikosea hupenda kuonekana hakukosea. Lakini safari hii sikuwa na haraka, nikakiangalia vizuri. Hakikuwa kimesimama mahali hasa pa risasi. Kilikuwa kimesogea kidogo upande wa kulia, unene wa ukucha tu kwenye kioo.

Kuna mzee mmoja hapa anaitwa Nils, fundi wa vyombo vya stima, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Huku kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza hata akiwa na mvi, mwanzoni ilinipa taabu sana. Nilimwita aje aone. Aliinama, akavuta miwani.

"Kwenye maji yako kuna chuma?" akaniuliza.

"Kingi. Udongo wetu ni mwekundu, na kisima ni kipya, bado kinatoa tope laini."

"Mahali pa chuma ni wapi?"

Nikamwonyesha kile kilima kikubwa cha chuma, kirefu kuliko vingine vyote.

"Zidisha mara mbili," akasema.

Nilichukua penseli nikazidisha. Nguvu ya chuma mara mbili ilianguka pale pale kilipokuwa kilima changu. Pale pale kabisa, na mahali pa risasi pako jirani tu, kama nyumba mbili zinazotumia ua mmoja.

Nitakueleza kwa kazi yako ya zamani utaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Ulipokuwa karani wa josho, ng'ombe walipita mlango mwembamba mmoja mmoja nawe ukaandika: ndama, mtamba, fahali. Wakija polepole huwezi kukosea. Sasa fikiria wachungaji wamewaswaga wote kwa pamoja, vumbi limefunika, na ndama wawili wamebanana wakapita mara moja. Wewe huoni miguu minane. Unaona mwili mmoja mkubwa, unaandika fahali. Jioni daftari lako lina fahali ambaye hakuna mtu yeyote anayemmiliki.

Ndivyo ditekta ilivyofanya. Nilikuwa nimeongeza nguvu ya mashine, majibu ya chuma yakamiminika, na mara kwa mara mawili yakafika karibu mno hivi kwamba mipigo yake ikapandana. Ditekta ikayasoma kama jibu moja lenye nguvu mara mbili. Yakiwa mengi ya namna hiyo, yanajenga kilima. Kilima cha uongo.

Nilikwenda kwa Daktari Ingrid mchana huo huo. Si mama mbaya, lakini ni mtu wa maneno machache, na ripoti ile ilikuwa na sahihi yake.

"Unasema ni mpandano wa mipigo," akasema. "Inawezekana. Na inawezekana pia kwamba risasi iko chini yake, imefunikwa. Ukiandika leo kwamba kisima ni safi, na kumbe si safi?"

"Ndiyo maana sitaandika leo," nikamjibu. "Naomba mashine kwa wiki mbili."

"Wiki mbili ni nyingi. Kuna watu kwenye foleni."

"Kule kwetu kuna watu kwenye foleni ya maji," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo, lilitoka tu. Akachukua kalamu akafuta majina mawili kwenye ratiba ya ukutani, jina lake likiwa mojawapo.

Sasa nikuambie tulichofanya, kwa sababu najivunia kazi hii na nataka ujue kwamba ada ya shule haikupotea. Kwanza, Nils alifungua kabati la vyombo. Ndani kuna sakiti ndogo ambayo kazi yake ni kukataa mipigo miwili ikifuatana kwa karibu mno. Mtu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ameilegeza ili apate hesabu nyingi kwa muda mfupi, na mimi sikuwa nimeuliza. Tuliikaza. Lakini Nils alinionya kwamba hata sakiti hiyo macho yake yana mwisho: mipigo ikija pamoja kabisa, nayo inadanganyika. Kwa hiyo, pili, niliweka karatasi nyembamba ya alumini mbele ya ditekta. Jibu la chuma ni dhaifu, likifika hapo sehemu yake kubwa inazuiwa. Jibu la risasi lina nguvu, linapenya. Na tatu, jambo rahisi kuliko yote na ambalo lilihitaji uvumilivu peke yake: nilipunguza nguvu ya mashine, nikaacha ng'ombe wapite mmoja mmoja. Kipimo nilichokuwa nimemaliza kabla ya chakula cha mchana sasa kilichukua siku nzima kuanzia asubuhi.

Kuna kanuni moja nzuri hapa, baba, naipenda kama mstari wa Biblia. Ukipunguza nguvu ya mashine kwa nusu, kilima cha kweli kinabaki nusu. Lakini kilima cha mipigo iliyopandana kinabaki robo, kwa sababu kinahitaji wawili wakutane, na wote wawili wamepungua. Ukipunguza nusu tena, cha kweli kinashuka nusu tena, cha uongo kinakaribia kuisha. Huhitaji kubishana na mtu. Unapunguza, unaangalia.

Kwa maji ya kisima, nilipunguza nguvu nusu mara ya kwanza. Kilima kikabaki robo. Nikapunguza tena. Nikatia alumini, sakiti ikiwa imekazwa, nikaacha mashine ihesabu kutwa. Nilipochora mstari, mahali pa risasi palikuwa tambarare kama uwanja wa shule.

Nilirudia siku ya pili, nikarudia ya tatu, kila mara na karatasi mpya ya maji yale yale. Tambarare.

Ningeweza kuandika wakati huo, na barua hii ingekuwa fupi na ya furaha tupu. Lakini Daktari Ingrid alisema, "Nionyeshe maji ya huko huko yasiyo na tope jekundu. Kama kilima kinatokana na chuma, maji yasiyo na chuma hayatakuwa nacho, hata ukiongeza nguvu."

Lilikuwa wazo zuri. Na mimi nilijua maji hayo yako wapi. Yalikuwa kwenye kabati langu nyuma ya viatu, nusu chupa, maji ya mvua kutoka kwenye tangi la baba yangu, yasiyoguswa na udongo.

Niliyaandaa nikiimba. Nilijua jibu tayari. Chuma kilikuwa kidogo sana, kama tulivyotarajia. Na pale pa risasi, kilima.

Nilidhani nimechanganya karatasi. Nikaangalia namba, hazikuwa zimechanganyika. Kilima hiki hakikuwa kimesogea kulia. Kilikuwa kimekaa hasa mahali pake. Na risasi ina mahali pawili, ndugu wawili wanaotembea pamoja. Huwa hatutegemei pale pa kwanza kwa sababu madini mengine hupenda kukaa papo hapo, lakini nilipatazama, na pale pia palikuwa pameinuka. Nilipunguza nguvu nusu. Kikabaki nusu. Nikapunguza nusu tena. Nusu tena. Nikaweka alumini, chuma kidogo kilichokuwepo kikafifia, hiki kikabaki kimesimama.

Daktari Ingrid alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. "Haya ni maji ya wapi?" akauliza.

"Ya nyumbani kwetu," nikasema.

Alivuta kiti kingine akaketi.

Tulitafuta kosa kwa siku tatu, na safari hii nilikuwa naliomba kosa. Tulipima karatasi tupu isiyo na maji. Safi. Tulichukua chupa kama ile ya mwaitu, tukaweka maji safi ya maabara, tukaipima. Safi. Nils aliangalia vyombo vyote upya. Kisha nikapima maji ya tangi kwa mara ya mwisho, tone la mwisho lililobaki, na kilima kikasimama palepale. Hapo ndipo nilipokwenda posta.

Nimefikiri sana imetoka wapi, na naamini ni paa. Unakumbuka ile rangi nyekundu uliyoinunua pale Salama, kwenye barabara ya Mombasa, kutoka kwa wale vijana waliokuwa wakiuza mabaki ya mkandarasi wa daraja? Ulirudi na madebe yake juu ya lori ukiwa na furaha, ukapaka paa lote mwenyewe, na watu wakasema hakuna paa kama lako kuanzia Migwani mpaka Kitui mjini. Rangi ile hupakwa vyuma vya madaraja visishike kutu, na nyekundu yake mara nyingi ni risasi yenyewe. Haikutengenezwa kwa paa ambalo maji yake yananywewa. Jua letu linaipasua, mvua inaiosha, na mvua hiyo inaingia tangini. Wewe hukujua. Muuzaji pengine hakujua. Mimi niliyesomea madini nilishika ngazi ukipaka, na sikujua.

Haya basi ndiyo ya kufanya, na naomba usiyarekebishe kwa akili yako kama unavyorekebisha maagizo ya daktari kuhusu goti.

Maji ya tangi yasinywewe na mtu yeyote, wala yasipikiwe. Kuchemsha hakusaidii, risasi haifi kwa moto, maji yakipungua, yenyewe inabaki. Usipande juu kukwangua rangi. Vumbi lake ni baya kuliko maji, na najua tayari umeshaangalia ngazi iko wapi. Iache. Mfereji uukate usimwage tena tangini, basi.

Watoto wote waliokunywa hapo, wa kwetu na wa shule, Bwana Wafula awapeleke hospitali ya Kitui damu yao iangaliwe. Bwana Wafula, kwa kuwa unasoma haya: nimeweka ndani barua rasmi ya Daktari Ingrid yenye mihuri, inayofuta ripoti ya kwanza na kueleza ya pili, ili ufungue kisima, maana najua hukuweza kukifungua kwa telegramu peke yake. Nakuomba radhi. Ulifanya ulivyopaswa kufanya kwa karatasi uliyopewa. Karatasi ndiyo ilikuwa mbaya. Wa shule na wa kijiji wamekunywa kwa miezi michache tu, si miaka, na daktari mmoja wa watoto hapa niliyemwuliza alisema mwili wa mtoto ukiacha kuongezewa huanza kujisafisha. Hakuniambia hakuna hofu. Aliniambia tumewahi.

Nanyi wa nyumbani mmekunywa kwa muda mrefu kuliko wote, kwa hiyo muwe wa kwanza kwenda. Mimi nilipimwa damu Jumanne. Risasi ipo, kidogo, si ya kunilaza. Nakuambia ili usije ukaisikia kwa mtu mwingine ukafikiri nimekuficha.

Nimetuma pia kwa posta sanduku la chupa ndogo tupu. Tafuta kila mtu aliyenunua rangi ile Salama. Najua kuna jamaa wa Mbumbuni mlikuwa naye siku hiyo, yule fundi wa milango, naye alinunua madebe. Chota kwenye kila tangi, andika jina la mwenye nyumba, zifungeni vizuri, mnitumie. Nitazipima zote, na nitapima kila moja mara tatu.

Baba, najua kitu kinachokuuma. Ulitoa maji yako kwa moyo safi, na pasta akakushukuru, na sasa watu watasema umewalisha sumu. Wakisema, waambie waliotoa ni wawili: wewe ulitoa maji kwa upendo, na mimi niliwatoa watu kwenye maji mazuri nikawaleta kwako kwa haraka yangu. Lawama kubwa ni yangu na siikimbii. Mwanzoni nilikuwa na aibu hata kula. Sasa aibu imepungua, kwa sababu nimeona mashine hii inaweza kusema ukweli ukiipa nafasi, na mimi ndiye ninayeijua hapa kuliko wanafunzi wote. Daktari Ingrid ameniweka niwafundishe wapya wanaokuja, na jambo la kwanza ninalowafundisha ni kupunguza nusu na kuangalia. Mkataba wangu ukiisha mwaka huu sitaomba kuongezewa. Nairobi kuna mashine kama hii imelala kwa kukosa mtu. Nitakuwa huyo mtu, na barabara ya kuja nyumbani kutoka hapo ni fupi.

Nisalimie mwaitu, na umwambie asijilaumu kwa chupa ile. Kama asingenipa, hadi leo tusingejua lolote. Nisalimie kaka Mutua na mke wake, na watoto wao wanne wapelekwe hospitali wa kwanza kabisa. Nisalimie mwalimu mkuu wa shule, mwambie nitamwandikia barua yake. Nisalimie pasta na wazee wa kanisa.

Shangazi Kaluki sitamsalimia kupitia kwa mtu. Barua yake iko humu ndani, sikuigundisha kwa sababu nakuamini, na nimeiandika kwa Kikamba ili asisomewe na mgeni. Nimemwomba msamaha na nimemjibu lile swali lake. Lakini kuna jambo ambalo mimi siwezi kumfanyia nikiwa huku, ni wewe peke yako unayeweza. Siku watakapotoa kufuli na miiba, akina mama watasimama pale na mitungi wakiogopa, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Nenda, baba. Nenda kwa miguu mchana watu wakiwepo, umpe dada yako barua yake, umwombe kikombe, na uwe wa kwanza kunywa.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Syombua